Ufuo wa Ziwa Naivasha: Historia ya Matembezi na Haki ya Kufika Majini

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na ndilo lililo juu zaidi miongoni mwa maziwa ya bonde hilo upande wa Kenya. Maziwa jirani ya Elmenteita, Nakuru na Magadi yana maji ya magadi, lakini maji ya Naivasha hunyweka, ingawa hakuna mto wowote unaotoka ziwani humo juu ya ardhi. Maji yanayoletwa na mito ya Malewa na Gilgil hupenya chini kwa chini kupitia miamba ya volkeno, yakiichukua chumvi ambayo vinginevyo ingelimbikizana. Utamu huo wa maji ndio unaolisha mafunjo, viboko, furukombe na mwari, nao ndio uliowavuta watu: kwanza wafugaji na mifugo yao, kisha walowezi, na hatimaye wageni wa mwisho wa juma wanaotoka Nairobi kuja kupanda boti, kuendesha baiskeli na kulala katika mahema chini ya migunga. Historia ya matembezi hayo imezoeleka kusimuliwa kwa kutaja hoteli na wageni mashuhuri. Lakini swali linaloifafanua vizuri zaidi ni la nani, katika kila kipindi, aliyekuwa na haki ya kuufikia ufuo.

Katika karne ya kumi na tisa haki hiyo ilikuwa mikononi mwa Wamaasai, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyotoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe za ndovu ililijua jambo hilo vyema, kwa kuwa haikupita bila kutoa hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru wa njia uliolipwa kwa shanga, nguo na nyaya. Mwaka 1883 Gustav Fischer, daktari na mtafiti wa Kijerumani aliyeanza safari yake Pangani, alifika Naivasha akazuiwa na Wamaasai asiendelee mbele, na leo mnara wa jiwe uliopo kusini mwa ziwa unaitwa kwa jina lake. Mwaka huohuo Joseph Thomson, Mskoti, alipita katika nchi hiyo akifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa amekwisha kuzifahamu njia zake. Vitabu vya Kizungu vikampa Thomson sifa ya kuifungua nchi hiyo, ilhali ujuzi wa njia, wa visima na wa kuzungumza na wenyeji ulikuwa wa watu wa pwani, na ni haki yao kutajwa kila historia hii inapoandikwa.

Miaka ya 1890 ilikuwa mibaya kwa Wamaasai, kwani sotoka iliua ng'ombe wao na ndui ikawaua watu wenyewe, hata reli kutoka Mombasa ilipopita bondeni na kufika Kisumu mwaka 1901 jamii hiyo haikuwa na nguvu iliyokuwa nayo wakati wa Fischer. Mwaka 1902 eneo la Naivasha, lililokuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda, lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, na miaka miwili tu ikapita kabla ya Mkataba wa mwaka 1904, ambao kwao Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa na kugawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Mkataba huo uliahidi kudumu muda wote Wamaasai watakapokuwepo kama kabila. Mwaka 1911 ulibatilishwa kwa mkataba mwingine uliowahamisha watu wa Laikipia nao kwenda kusini, na Wamaasai walipokwenda mahakamani, shauri lao lilikataliwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa makubaliano ya dola na dola, ambayo mahakama ya kawaida haiwezi kuyaamua. Hoja hiyo ilikuwa ya kikatili, kwa kuwa iliwatambua Wamaasai kuwa dola kwa dakika ileile ambayo kutambuliwa huko kuliwanyima haki. Kila hoteli na kila uwanja wa mahema uliojengwa baadaye kando ya ziwa umesimama juu ya ardhi iliyoachwa wazi na maamuzi hayo.

Starehe ya kwanza ya wageni ilikuwa uwindaji. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliwinda viboko ziwani mwaka 1909 katika msafara wake wa kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Baadaye walowezi walitaka pia kuvua kwa ndoano kama mchezo, si kwa chakula, na kwa kuwa ziwa lilikuwa na samaki wachache wa asili, wakaletwa wa kigeni: perege katika miaka ya 1920, kisha, kuelekea mwisho wa miaka hiyo, besi wa Marekani, samaki mlafi anayependwa na wavuvi wa mchezo kwa jinsi anavyopigana na uzi. Samaki mdogo wa asili aliyekuwa akiishi humo hajaonekana tangu miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa maji baridi kutoka nje, nao wakayala mayungiyungi na mimea mingine ya majini mpaka ikatoweka kwa miaka kadhaa. Wageni wengi wanaoyasifu maji haya leo kuwa ni maumbile yasiyoguswa hawajui kwamba karibu kila samaki anayevuliwa humo ameletwa na mkono wa binadamu.

Ufuo nao ulikuwa umekatwa vipande vya mashamba makubwa. Kasri lililojulikana kwa jina la Djinn Palace, lililojengwa katika miaka ya 1920, likawa makao ya anasa ya tabaka dogo la walowezi, na katika miaka ya 1940 ndege za majini zilizokuwa zikisafiri kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika zilitua ziwani, zikiwashusha abiria waliopumzika hotelini au kuendelea Nairobi kwa barabara, mpaka huduma hiyo iliposimama mwaka 1950. Kwa kuwa maji hupanda na kushuka sana kwa miongo, wamiliki wa mashamba waliruhusiwa kuitumia ardhi iliyoachwa na maji pasipo kuimiliki, na ruhusa hiyo, iliyoonekana ndogo, ikawafanya kuwa walinzi wa mlango wa ziwa.

Uhuru haukuubadilisha mpangilio huo kwa haraka. Joy Adamson, mwandishi wa kitabu kuhusu simba Elsa, aliishi Elsamere kwenye ufuo wa kusini, mahali panapotembelewa hadi leo, huku mashamba ya maua yakianza kuenea tangu miaka ya 1970 na kuleta maelfu ya wafanyakazi waliokaa katika makazi kama Karagita. Mwaka 1984 Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate ilitangazwa kusini mwa ziwa, na huko kukatokea jambo la nadra: mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na swala, na kupanda majabali, ukiwemo mnara wa Fischer, ingawa huko Olkaria mabomba ya mvuke wa jotoardhi yalikuwa yameanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Kwa kijana wa Nairobi asiye na gari, baiskeli ya kukodi katika lango la hifadhi hiyo ilifungua nchi ambayo babu yake angeiona kwa mbali tu akiwa kibarua.

Ziwani kwenyewe mambo yamekuwa magumu zaidi. Katiba ya mwaka 2010 inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, lakini njia ya kuyafikia maji ya Naivasha hupita kati ya mashamba na hoteli za watu binafsi, na mwananchi wa kawaida hutegemea fukwe chache za umma kama Kamere na Karagita, ambako wavuvi hushusha samaki, wanawake huwakaanga, na waendesha boti huwachukua wageni kwenda kuwaona viboko. Mwaka 2020 maji yalipopanda na kuwafukuza wakazi wa mtaa wa Kihoto, yalizifunika pia nyua na bustani za wenye mali, na mpaka kati ya ardhi ya mtu na ardhi ya umma, ambao kwa miongo mingi ulikuwa umepimwa kwa kufuata maji yaliyorudi nyuma, ukawa chini ya ziwa. Kuupima upya kutahitaji kwanza kuamua ni njia ngapi za watu zitaachwa wazi na zipite wapi, na uamuzi huo unastahili kufanywa pamoja na wavuvi na waendesha boti wa Kamere na Karagita.