Jeni Mfu na Jeni Iliyonyamaza: Funzo la Jicho la Silikanti

Sisi tuishio Mabawa, mjini Tanga, tu jirani wa samaki ambaye wataalamu walidhani kwamba alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Samaki huyo ni silikanti. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, akatambua kwamba si samaki wa kawaida. Kuanzia mwaka 2003 silikanti walinaswa pia katika pwani ya Tanzania, na wengi walitoka Tanga, ndani ya majarife ya papa yaliyotegwa katika kina kirefu. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Jina la samaki limekwisha kuzoeleka. Yaliyomo ndani ya jicho lake bado yatudai istilahi.

Nyuma ya jicho pana utando uitwao retina, nao tusiuchanganye na mboni, ambayo ni tundu la kupitishia mwanga. Katika retina mna seli za aina mbili zipokeazo mwanga. Za kwanza ni ndefu na nyembamba mfano wa fito za kujengea nyumba, nazo hutumika katika mwanga hafifu. Za pili zimechongoka mfano wa pia, nazo hutambua rangi penye mwanga wa kutosha. Tutaziita seli fito na seli pia. Ndani yake mna protini ziitwazo opsini, na kila opsini hutengenezwa kwa maagizo ya jeni yake.

Mwaka 1999 Shozo Yokoyama na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa jeni hizo katika silikanti wa Komoro. Walikuta opsini mbili zifanyazo kazi, moja ikipokea zaidi mwanga wa nanomita 478 na nyingine wa nanomita 485. Huo ni mwanga wa buluu, nao ndio upenyao hadi kina cha mita 200 hivi, anakoishi samaki huyo. Jeni nyingine, ambayo kwa wanyama kadha wa kadha huwezesha kuonwa kwa mwanga wa urujuani, walikuta mabaki yake tu. Maagizo yake yameharibika na hayawezi tena kutengeneza opsini. Hiyo ndiyo jeni mfu.

Katika maji baridi mambo ni mengine. Uchunguzi wa samaki wa jamii ya perege katika Ziwa Nyasa, ambao Karen Carleton na Thomas Kocher walichapisha sehemu yake mwaka 2001, umeonyesha kwamba samaki hao wana jeni saba za opsini za seli pia, lakini kila spishi hutumia kwa wingi tatu hivi. Zilizosalia ni nzima, ila zimenyamaza. Sato naye hubadilika kwa umri: akiwa mchanga hutumia jeni za mawimbi mafupi ya mwanga, na akikua huamsha zile za mawimbi marefu.

Mwaka huohuo wa 2001 Alan Mears, Anand Swaroop na wenzao walionyesha jambo kubwa zaidi. Panya walioondolewa jeni iitwayo NRL hawakupata seli fito hata moja. Mahali pake palishikwa na seli zilizofanana na seli pia. Kumbe ipo jeni ambayo kazi yake ni kuamsha na kunyamazisha jeni nyingine, na kwa kazi hiyo huamua seli itakuwa ya namna gani.

Kazi hiyo huitwa udhibiti wa jeni. Tunalikubali neno hilo, lakini kwa tahadhari. Katika matumizi ya kila siku, kudhibiti ni kuzuia: twadhibiti magendo, twadhibiti maradhi. Mwanafunzi akilisikia atadhani kwamba jeni huzimwa tu. Kwa hiyo mwalimu aeleze kwamba udhibiti una pande mbili, kuamsha na kunyamazisha, kama mtu apandishaye na kushusha utambi wa taa. Aidha, tunapendekeza jeni mfu litumike kwa jeni iliyoharibika katika ukoo mzima wa kiumbe, jeni yenye hitilafu kwa ile iliyoharibika kwa mtu fulani, na jeni iliyonyamaza kwa ile iliyo nzima lakini haitumiki.

Tofauti hii si ya wanafunzi wa samaki peke yao. Wako watu wanaopoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya hitilafu katika jeni ya RPE65, ambayo huzisaidia seli za mwanga kufanya kazi. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kuingiza jichoni nakala nzima ya jeni hiyo. Tiba hiyo huhitaji nakala mpya kwa kuwa ya asili ina kasoro. Jeni iliyonyamaza ingehitaji kuamshwa. Mfasiri atakayeandika kwamba zote mbili zimekufa atakuwa amemnyima mzazi wa mtoto asiyeona maelezo anayoyahitaji kabla ya kumwuliza daktari swali lake la kwanza.