Mwingiliano wa sumakuumeme
Mwingiliano wa sumakuumeme ni hali ya kifaa kimoja cha umeme kuvuruga kazi ya kingine. Chanzo kimojawapo ni inveta ya umeme wa jua: transista zake hukata na kuruhusu mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na kila badiliko la ghafla hutoa mawimbi ya redio.

Mahali kama Miteja, katika Wilaya ya Kilwa, redio iliyo karibu na inveta inaweza kukoroma hata tahadhari ya kimbunga isisikike. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania Mei 2024.

Msanifu hufupisha njia za mkondo unaobadilika haraka, huweka kapasita karibu na transista, na vichujio kwenye nyaya. Mtumiaji husokota pamoja waya chanya na hasi, mbali na antena.