Jumamosi ya Madumu

Saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa Gairo mwezi Agosti hauna adabu, unakufuata hadi ndani ya blanketi. Nilitoka na kikombe cha chai, nikaketi barazani kutazama malori ya mafuta yakipita kwenda Dodoma, Singida, hadi Rwanda na Kongo. Ilikuwa Agosti 10, 2019, siku mbili kabla ya Idi el-Haji. Mkasa wenyewe siuiti jina. Mikasa ya wengine nimeitaja kwa majina miaka yote ya kazi yangu, na huu wa mkoani kwetu ulimi unakataa.

Saa mbili na ushei. Msamvu, mjini Morogoro, lori la petroli likapinduka likimkwepa mtu wa bodaboda. Watu wakaja na madumu na ndoo kuchota mafuta. Mimi nilikuwa nikichambua maharage na mke wangu.

Saa tatu na nusu. Jirani yetu muuza chapati akasimama langoni. “Shikamoo mzee. Morogoro kunaungua. Si wewe ulikuwa mtu wa mafuta?”

“Marahaba, mama. Mimi nilikuwa wa gesi ya baharini.”

Jibu hilo linanitia aibu hadi leo. Lilikuwa kweli, lakini kweli ya ofisini. Uchimbaji una mdhibiti wake, PURA, iliyozaliwa na Sheria ya Petroli ya 2015. Mafuta yanayosafirishwa na kuuzwa yana wake, EWURA. Mimi nilizeekea upande wa visima: gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 ikaja kufika Dar es Salaam 2004, kisha visima vya kina kirefu. Ukitaka kuchomelea chuma kwenye jukwaa la baharini, sharti uwe na kibali cha kazi chenye saini, na kipimo cha gesi kisomwe kwanza.

Vibali vile tulivikazania kwa sababu ya jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, lililolipuka Julai 6, 1988. Valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na karatasi yake haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Wakaiwasha pampu. Wakafa watu 167. Nilikuwa nikiwasimulia wakaguzi vijana saa kwa saa, na sehemu iliyowanyamazisha haikuwa ile pampu. Ilikuwa kwamba majukwaa jirani, Claymore na Tartan, yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku moto ukionekana kwa macho, kila mkuu wa jukwaa akihofia kuzima bila amri.

Saa sita. Picha zikaanza kuingia kwenye simu. Nilifuta nyingine bila kuzimaliza. Zikasemwa habari za betri iliyokuwa iking'olewa kwenye lori, zikasemwa za sigara. Kwa petroli yote mawili yanatosha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukapotea, hutambaa mitaroni na miguuni mwa watu. Ukichanganyika na hewa kati ya asilimia 1.4 na 7.6, unangoja cheche tu. Chini ya hapo hauwaki, juu ya hapo hauwaki. Wachotaji walikuwa wamesimama ndani ya kitu wasichokiona.

Mchana huo wengi waliwaita wezi. Mimi nilishindwa. Nilikumbuka Claymore na Tartan, watu waliosoma, wenye mishahara na redio mkononi. Nikakumbuka pia Sachang'wan, Kenya, Januari 2009, na Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, ambako walikufa zaidi ya 200. Yote mawili malori ya mafuta, yote mawili nilikuwa nayo kwenye faili kabatini. Sikuwahi kulifungulia faili lile hapa barabarani, mbele ya nyumba yangu.

Saa kumi. Redio ikataja wafu 57. Rais Magufuli akatangaza siku tatu za maombolezo. Kesho yake maziko yakaanza, Waziri Mkuu Majaliwa akiwepo, na wengine ndugu zao hawakuweza kuwatambua kwa sura. Majeruhi waliopelekwa Muhimbili wakaendelea kupungua kitandani mmoja mmoja, hadi hesabu ikapita 100.

Saa nne usiku. Usingizi haukuja. Nje nikaona mwanga mwekundu: lori la mafuta limeegeshwa, na utingo, kijana mdogo tu, amewasha jiko la mkaa chini ya tela, anasonga ugali. Nilitoka na shuka begani.

“Shikamoo mzee,” akasema. “Usiogope, hilo ni tupu. Tunateremka Dar.”

Tanki lililojaa lina nafasi ndogo tu ya hewa. Tupu ndilo lenye mvuke mwingi.

“Marahaba, mwanangu,” nikamwambia. “Shika upande huo.”

Tukalibeba jiko pamoja, na sufuria juu yake, hadi ng'ambo ya uwanja wangu, kinyume cha upepo.