Simba Aliyelazwa Naivasha

Paka wa nyumbani akipatwa na ngiri, yaani utumbo ukipenya katika tundu la misuli ya tumbo, au akivunjika mguu, mwenyewe humtia kikapuni akampeleka kwa daktari wa wanyama mjini Nakuru. Hulazwa kwa dawa, hupasuliwa, hushonwa, na baada ya siku chache huyaona tena mafiga ya jikoni kwao. Je, paka huyo akiwa simba?

Jambo hilo lilipata kutokea katika bonde letu. Simba dume aitwaye Boy alilelewa kwanza na askari wa Kiskoti wa kikosi cha Scots Guards, kisha akaonyeshwa katika filamu ya "Born Free" iliyotolewa mwaka 1966. Filamu ilipokwisha kupigwa, Bwana George Adamson alimpeleka Meru ili amfundishe kujitafutia chakula porini. Mwaka 1969 alivunjika mguu.

Katika siku hizo Dkt. Toni Harthoorn alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwalaza wanyama wa porini kwa mshale wenye dawa. Kazi hiyo si ya mchezo: mnyama hawezi kuwekwa mizanini, uzito wake hukisiwa kwa macho. Dawa ikipungua, simba huamka katikati ya upasuaji. Ikizidi, pumzi hukatika. Boy alipasuliwa, mfupa ukatiwa ufito wa chuma ili ncha zilizovunjika zikae sawa mpaka zishikane. Ilibaki kumpumzisha, na simba haambiwi, "Usishuke kitandani." Akaletwa Elsamere, nyumba ya akina Adamson kando ya Ziwa Naivasha, akauguzwa huko yapata miezi tisa.

Mguu ulipona. Mwaka 1970 Boy alihamishiwa Kora, karibu na mto Tana. Mimi siwalaumu waganga kwa yaliyofuata. Wao waliunga mfupa, nao ukaungika. Swali gumu ni la wale waliomweka simba aliyezoea watu mahali penye watu.

Tarehe 6 Juni 1971 Boy alimrukia Stanley Murithii, mfanyakazi wa kambi. Adamson alisikia ukelele, akakimbia na bunduki, akampiga simba yule risasi akafa. Stanley naye alikata roho baada ya dakika chache, kabla ya kufikishwa kwa daktari yeyote.