Hiari na Mipaka Yake: Historia ya Mpango wa METCO mjini Boston

Methali isemayo "Hiari yashinda utumwa" hutumiwa aghalabu kuisifu kazi ifanywayo kwa moyo wa mtu mwenyewe. Lakini neno hiari, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina pande mbili: hiari ya kutenda na hiari ya kukataa. Aliye na moja anayo na ya pili. Historia ya mpango wa METCO wa Boston, Marekani, ambao tangu mwaka 1966 umekuwa ukiwapeleka watoto wa mjini, wengi wao Weusi, kusoma katika shule za miji ya viungani, ni mfano wa wazi wa pande hizo mbili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hiari ndiyo iliyoupa mpango huo maisha marefu, na kwamba hiari hiyo hiyo ndiyo iliyouwekea mpaka ambao haujaweza kuuvuka.

Asili ya tatizo

Suala la shule na rangi ya watu si geni mjini Boston. Katikati ya karne ya 19 Benjamin Roberts, mpiga chapa Mweusi, aliushtaki mji huo kwa niaba ya binti yake Sarah, ambaye ilimlazimu kuzipita shule tano za Wazungu ili aifikie ile iliyotengewa Weusi. Wakili Charles Sumner, akisaidiana na Robert Morris, aliyekuwa miongoni mwa mawakili Weusi wa kwanza nchini Marekani, alitoa hoja kwamba kuwatenga watoto ni kuwadunisha, hata kama shule zenyewe zingekuwa sawa. Mwaka 1850 Jaji Mkuu wa Massachusetts, Lemuel Shaw, aliikataa hoja hiyo. Miaka mitano baadaye bunge la jimbo lilipiga marufuku utengano katika shule. Hata hivyo, rai ya Shaw haikufa, kwani Mahakama ya Juu ya Marekani iliitegemea mwaka 1896 katika kesi ya Plessy, iliyouhalalisha utengano nchini, na msingi huo haukubatilishwa katika mambo ya shule mpaka kesi ya Brown ya mwaka 1954.

Lakini utengano waweza kuishi bila ya kuamrishwa na sheria. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Weusi wengi walihamia Boston. Mwaka 1960 walikuwa karibu 63,000, na kufikia mwaka 1970 walikuwa wamezidi 100,000, wengi wao wakikaa Roxbury, South End na sehemu ya Dorchester. Wakati huo huo Wazungu wa tabaka la kati walikuwa wakihamia viungani, wakisaidiwa na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali, mikopo ambayo Weusi walinyimwa aghalabu. Tena, katika jimbo la Massachusetts kila mji wa kiungani, hata uwe mdogo namna gani, una serikali yake na shule zake, na shule hizo huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya nyumba na ardhi. Kwa hiyo mpaka wa mji ukawa mpaka wa shule, na mpaka wa shule ukakaribia kuwa mpaka wa rangi.

Mapambano ya miaka ya 1960

Tarehe 11 Juni 1963 wajumbe wa chama cha NAACP, wakiongozwa na Ruth Batson, mama mzaliwa wa Roxbury, walifika mbele ya Halmashauri ya Shule ya Boston. Walitaka kwanza jambo moja, nalo ni halmashauri ikiri kwamba utengano upo. Halmashauri, chini ya mwenyekiti wake Louise Day Hicks, ilikataa kulikiri neno lenyewe. Ubishi huu haukuwa wa maneno matupu, kwa sababu kukiri jina la ugonjwa ni kukubali wajibu wa kuutibu. Wiki moja baadaye maelfu ya wanafunzi Weusi waligoma kwenda shuleni, wakasoma makanisani na katika kumbi za jamii, na mgomo kama huo ukarudiwa mwaka 1964.

Mwaka 1965 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuondoa kutolingana kwa rangi katika shule, nayo ikatiwa sahihi na Gavana John Volpe. Sheria hiyo ilikuwa ya kwanza ya namna yake nchini Marekani, lakini ilikuwa na pengo. Ilihesabu kuwa shule yenye kasoro ni ile ambayo zaidi ya nusu ya wanafunzi wake si Wazungu. Shule ya kiungani isiyokuwa na mtoto Mweusi hata mmoja haikuhesabiwa kuwa na kasoro yoyote. Mwaka huo huo wazazi wa Roxbury, Ellen Jackson akiwa miongoni mwa viongozi wao, walichoka kungoja. Kanuni za Boston zilimruhusu mtoto kwenda katika shule yoyote ya mji yenye nafasi, lakini nauli ilikuwa juu ya mzazi. Wazazi hao walichangishana fedha, wakakodi mabasi, na kuwapeleka watoto wao wenyewe. Juhudi hiyo waliiita Operation Exodus.

Kuzaliwa kwa METCO

Miongoni mwa wakazi wa viungani walikuwamo waliotaabishwa na hali hiyo. Mmoja wao alikuwa Leon Trilling, profesa wa chuo cha MIT na mjumbe wa halmashauri ya shule ya Brookline. Yeye na wenzake walikutana na viongozi Weusi wa Boston, na mashauriano yao yakazaa METCO, jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya baraza la jiji na viunga vyake kwa ajili ya nafasi za elimu. Fedha za kuanzia zilitoka katika shirika la Carnegie na serikali kuu ya Marekani. Baadaye mzigo huo ulichukuliwa na serikali ya jimbo. Septemba 1966 wanafunzi 220 walianza masomo katika miji saba: Arlington, Braintree, Brookline, Lexington, Lincoln, Newton na Wellesley. Batson aliingia katika uongozi wa mpango huo tangu mwanzo, akawa mkurugenzi wake mpaka mwaka 1970.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Mzazi aliandikisha jina la mtoto wake, mji ukatangaza idadi ya viti vilivyo wazi, na jimbo likalipa gharama. Mtoto aliamka alfajiri, akapanda basi, na huenda safari ikachukua saa nzima au zaidi. Katika mji wa ugenini alipewa familia mwenyeji, ambako angeweza kukaa baada ya masomo au siku ambayo njia haipitiki kwa theluji. Waanzilishi walidhani kwamba mpango huo ungedumu kwa miaka michache tu, hata Boston itengeneze shule zake.

Boston haikuzitengeneza. Tarehe 21 Juni 1974 Jaji Arthur Garrity aliamua kwamba Halmashauri ya Shule ilikuwa imewatenga watoto kwa makusudi, na akaamuru wagawanywe upya. Septemba hiyo mabasi yaliyowapeleka watoto Weusi South Boston yalipigwa mawe, na picha za ghasia hizo zikaenea duniani. Mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Garrity, katika kesi ya Milliken iliyotoka Detroit, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba miji ya viungani haiwezi kulazimishwa kuingizwa katika mpango wa mji mkuu, isipokuwa kwanza ithibitishwe kwamba nayo ilishiriki katika kosa. Matokeo yake ni kwamba amri ya mahakama iliwaangukia zaidi maskini wa mjini, Weusi kwa Wazungu, na wenye nafasi wa viungani wakabaki nje. Njia iliyobaki ya kuuvuka mpaka wa mji ilikuwa ile ya hiari.

Faida na gharama

Hapana shaka kwamba hiari ilikuwa na nguvu zake. Mabasi ya METCO yaliendelea na safari zake mwaka ule ule wa ghasia. Miji saba iliongezeka, ikapita thelathini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, Susan Eaton aliwahoji watu wazima 65 waliosomeshwa kwa mpango huo. Wengi hawakuficha machungu ya upweke na dharau, na bado wakasema kwamba wangeifuata tena njia hiyo. Nao wachumi Joshua Angrist na Kevin Lang, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2004 juu ya shule za Brookline, hawakuona kwamba kuja kwa wanafunzi hao kuliwarudisha nyuma wenyeji Wazungu. Hofu kubwa ya wapinzani ilikosa ushahidi.

Gharama nazo zilikuwapo, na hazikugawanywa sawa. Mji wa kiungani ulitoa viti vilivyokuwa vitupu, ukalipwa. Mzazi alitoa mtoto wake. Mtoto alitoa usingizi wake, marafiki wa mtaani kwake, na mara nyingi utulivu wa nafsi yake, kwani alikuwa mgeni mchana na alipata kuonekana mgeni nyumbani jioni. Safari ilikuwa ya upande mmoja. Walikuwapo pia Weusi waliolalamika kwamba mpango uliwaondoa Boston watoto na wazazi wenye bidii ambao wangeweza kuzipigania shule za huko.

Jambo la kutazamwa zaidi ni idadi. METCO ilifikia wanafunzi wapatao 3,000 katika miaka ya 1970. Nusu karne baadaye idadi hiyo imebaki karibu pale pale, ingawa wazazi waliotaka nafasi walizidi viti mwaka baada ya mwaka, hata ikawa lazima kuchagua kwa kura ya bahati. Sababu si uhaba wa wenye hiari huko Roxbury na Dorchester. Ni kwamba hiari ya mzazi ilikuwa ya kuomba, na hiari ya mji ilikuwa ya kutoa au kutotoa.

Methali yetu huiweka hiari mbele ya utumwa, na kwa haki, kwani shule inayompokea mtoto kwa ridhaa humfaa kuliko inayompokea kwa amri na mawe. Lakini haituambii ni hiari ya nani. Historia ya METCO yafundisha kwamba pale ambapo mmoja ana mlango na mwenzake ana ombi tu, neno hiari huwafunika wote wawili bila ya kuwafanya sawa. Watoto waliopanda mabasi yale walikitumia kidogo walichopewa, na wengi wakafika mbali. Haki ambayo Sumner aliidai mbele ya Shaw haikuwa fadhila ya mwenye kiti kitupu. Ilikuwa haki ya kila mtoto, aliyechaguliwa na asiyechaguliwa.