Joho la padri lililogeuka kete

Tarehe 7 Aprili 1954 mwandishi wa habari alimuuliza Rais Dwight Eisenhower wa Marekani kuhusu Indochina, ambako Wafaransa walikuwa wamezingirwa Dien Bien Phu. Eisenhower akatoa mfano: panga kete za domino zikiwa zimesimama safu moja, sukuma ya kwanza, na ile ya mwisho nayo itaanguka upesi. Nchi moja ikishikwa na Wakomunisti, jirani zake watafuata. Mwezi ulipotimia, tarehe 7 Mei, Dien Bien Phu ikaanguka, na mfano ule ukaota mizizi. Hadi leo ukimtajia mtu wa siasa neno domino, huenda akili yake ikakimbilia kwenye vitu vinavyoporomoka.

Mcheza dhumna, yaani domino, wa Unguja anaweza kuucheka mfano huo. Kusimamisha kete na kuzisukuma ni mchezo wa mtoto aliyekosa wenzake. Dhumna yenyewe haiangushi kitu. Inaunganisha: sita kwa sita, tatu kwa tatu, mpaka meza nzima inazungukwa na nyoka wa kete.

Hata neno lenyewe halikuanzia mezani. Wafaransa waliita domino joho lenye kofia ambalo mapadri walivaa wakati wa baridi. Ndani yake limo neno la Kilatini *dominus*, yaani bwana, na wapo wanaosema lilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye sala za mapadri hao. Kisha joho likatoka kanisani na kuingia sherehe za kanivali za Venice, ambako watu walilivaa pamoja na barakoa ili wasitambulike. Kutoka vazi la ibada hadi vazi la kujificha!

Katika karne ya 18 jina hilo likahamia kwenye kete. Maelezo yanayorudiwa sana ni ya rangi: uso mweupe wa mfupa au pembe ya ndovu ukibandikwa juu ya mgongo mweusi wa mpingo. Mimi navutwa zaidi na barakoa. Kete nayo humwonyesha mpinzani mgongo, na uso inauficha.

Mchezo wenyewe una umri mkubwa kuliko jina. Zhou Mi, mwandishi wa China wa karne ya 13, alizitaja kete hizi miongoni mwa bidhaa za wachuuzi. Seti ya Kichina ina kete 32 na haina upande mtupu. Ile ya Ulaya, iliyoonekana Italia karne ya 18, ina 28, na tupu imo. Uingereza iliupokea kutoka Ufaransa, na mwaka 1801 Joseph Strutt, akiandika kuhusu michezo ya Waingereza, aliudharau kuwa wa kitoto.

Wafungwa wa Kifaransa hawakuuona hivyo. Katika gereza la Norman Cross, karibu na Peterborough, lililofunguliwa mwaka 1797 kwa ajili ya mateka wa vita, walihifadhi mifupa ya nyama ya mgao wao, wakaichemsha, wakaikata na kuichonga kete ndogo pamoja na visanduku vya kuzitilia. Kisha waliviuza sokoni langoni mwa gereza. Mfupa wa chakula cha jana ukawa pesa ya chakula cha kesho.

Turudi barazani Unguja: wachezaji wanne wakigawana kete saba saba, hakuna inayobaki ya kuokotwa. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kila namba ina kete saba. Ukiwa na kete nne za tano mkononi na mbili zimeshatoka, imebaki moja tu, na anayekosa tano akipita bila kucheza amekwisha kukuambia kuwa hana. Fundi hamtazami mwenzake usoni. Anatazama nani kapita, na kapita kwenye namba gani. Tano zote saba zikishatoka na pande zote mbili za nyoka zikaishia kwenye tano, mchezo umefungwa, hata kama mikono imejaa kete.

Januari 1964 wenye kuamini mfano wa Eisenhower walidhani wameuona Afrika Mashariki. Tarehe 12 ilikuwa Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20 wanajeshi wa Tanganyika waliasi kambini Colito, tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja nchini Uganda, na tarehe 24 Lanet nchini Kenya. Washington iliingiwa na hofu ya kuona Cuba mpya Zanzibar. Ukitazama tarehe tu, utaapa kwamba kete zinaangushana. Lakini makambini askari walidai mishahara mizuri zaidi na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Kila jeshi lilikuwa na manung'uniko yake, ingawa habari za jirani ziliwatia moyo. Serikali zote tatu ziliomba msaada wa majeshi ya Uingereza, na maasi yakazimwa ndani ya siku chache. Kati ya hizo tatu, hakuna serikali iliyoanguka.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Kwa lugha ya barazani, kete imepata mwenzake.