Kuku wa Uani katika Historia ya Bonde la Kilombero

Historia ya Bonde la Kilombero, kama ilivyoandikwa hadi sasa, imejengwa juu ya mambo makubwa: biashara ya pembe za ndovu na mpira wa porini mwishoni mwa karne ya 19, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kilimo cha mpunga na pamba wakati wa utawala wa Waingereza, ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na uhifadhi wa wanyamapori. Katika maandishi hayo kuku hatajwi ila kwa nadra, na akitajwa huwa ni kitoweo cha msafiri. Lakini kuanzia Ifakara hadi Mlimba ni vigumu kupita uani pasipo kumwona. Mhadhara huu unakusudia kuonesha kwamba ufugaji wa uani ni sehemu ya historia ya bonde hilo, na kwamba ushahidi wake umehifadhiwa zaidi na lugha kuliko nyaraka.

Kuku na mpunga

Kuku si ndege wa asili wa Afrika. Chimbuko lake ni kuku-mwitu wa Asia ya Kusini Mashariki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 umehusisha kufugwa kwake na kilimo cha mpunga na nafaka nyingine, zilizowavuta ndege hao karibu na makazi ya watu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mifupa yake inathibitika kuanzia karne ya 7 hivi baada ya Kristo. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi alivyoandaliwa wali wa samli pamoja na kitoweo cha kuku, nyama na samaki.

Mpunga unaolimwa Kilombero nao una asili ya Asia. Kwa hiyo, wali kwa kuku anaotengewa mgeni wa Ifakara ni mkutano wa majirani wawili wa kale, waliosafiri mbali na kukutana tena kwenye ardhi ya mafuriko. Hata hivyo, neno *kuku* lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu za bara. Jambo hili linamtahadharisha mtafiti asidhani kwamba kila kilichotoka ng'ambo kilifika bondeni kwa misafara ya karne ya 19.

Bonde lenye ng'ombe wachache

Mbung'o na mafuriko ya kila mwaka vilizuia kwa muda mrefu ufugaji mkubwa wa ng'ombe katika bonde la chini. Makundi makubwa yalianza kuingia hasa kuanzia miaka ya 1980, yakiletwa na wafugaji kutoka kaskazini na magharibi mwa nchi. Kabla ya hapo, katika kaya nyingi za Wandamba, Wapogoro na Wambunga, kuku alibeba majukumu ambayo kwingineko yalibebwa na ng'ombe na mbuzi. Alichinjwa kwa heshima ya mgeni bila kuifilisi nyumba. Aliuzwa palipohitajika chumvi, daftari la mtoto au nauli ya kwenda hospitali. Aghalabu alikuwa mikononi mwa mama wa nyumba, ambaye mara nyingi hakuwa na neno katika mauzo ya mpunga. Daftari za ushuru ziliandika magunia. Akiba hii haikuandikwa popote.

Ufugaji huo ulifuata mwendo wa maji. Msimu wa kilimo ufikapo, kaya nyingi huhamia mashambani na kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege, ngedere, nguruwe na viboko. Familia inayohama hulazimika kuamua kama kuku wasafiri nayo ndani ya tenga au wabaki kijijini chini ya uangalizi wa jirani. Uamuzi huo unaoonekana mdogo unahusu imani kati ya nyumba na nyumba.

Methali *kuku mgeni hakosi kamba mguuni* inatokana na kazi hii hii. Kuku aliyenunuliwa hufungwa mguu kwa siku kadhaa mpaka aizoee nyumba, kisha huachiwa. Wakati wa operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970, watu wenyewe walihamishwa na kuwa wageni mahali walipopangiwa. Methali ya uani ilipata hapo maana ambayo hotuba za maendeleo hazikuisema.

Mpaka kati ya ua na pori

Mwaka 1992 Milima ya Udzungwa ilipewa hadhi ya Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2002 uwanda wa mafuriko wa Kilombero ukaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mipaka hiyo huchorwa kwenye ramani. Mpaka anaoujua mfugaji wa kuku hupita nyuma ya jiko, na walinzi wake ni mbwa na paka. Mbwa hubweka usiku akisikia kicheche, kanu au fungo. Paka hupunguza panya wanaokula mayai, ingawa mwenyewe hutazamwa kwa shaka vifaranga wanapoanguliwa. Mchana kuna mwewe, kipanga, nguchiro na kenge. Msafara wa siafu ukiingia bandani usiku unaweza kummaliza koo aliyeatamia pamoja na mayai yake.

Uhusiano wa chungu na pori umewahi kuifundisha hata sayansi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa Udzungwa waliona ndani ya chungu cha chakula miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ndege huyo, kwale wa Udzungwa, alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 1994, na ilielezwa kwamba jamaa zake wa karibu wako Asia. Waliompika walikuwa wakimjua tangu awali. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Kideri

Adui mkubwa kuliko mwewe ni kideri, kinachoitwa pia mdondo. Ugonjwa huu unaweza kufyeka kundi zima kwa siku chache, na pamoja nalo akiba yote ya mwenye kundi. Katika vijiji vilivyosongamana, ambako kuku wa nyumba nyingi huchakura jalala moja, kinga ya nyumba moja haitoshi. Chanjo ya I-2, iliyoanzia katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na baadaye kutengenezwa katika maabara ya mifugo ya Temeke, ilifaa mazingira hayo kwa sababu inastahimili joto na hutolewa kwa tone moja jichoni. Lakini hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na hufaulu pale majirani wanapochanja pamoja. Kwa hiyo dawa hii inategemea ujirani sawa na chupa yenyewe.

Hitimisho

Kiswahili kina *kifaranga*, *pora* kwa jogoo mchanga, *tembe* kwa jike ambaye hajaanza kutaga, *mtetea* kwa anayetaga, na *koo* kwa mzazi. Kina pia *kidimu* kwa mwenye manyoya yaliyojikunja na *kishingo* kwa mwenye shingo tupu. Maneno hayo yanampanga kuku kwa umri, uzazi na umbo, jinsi anavyoonekana na anayeishi naye. Biashara ya leo humpanga kwa wiki na kilo. Neno *kuku wa kienyeji* lenyewe ni shahidi: halikuhitajika mpaka alipokuja *kuku wa kisasa*. Kabla ya hapo alikuwa kuku tu.

Ikiwa *tembe* na *pora* vitabaki ndani ya kamusi pekee, kitakachopotea ni kumbukumbu ya kazi ya watu ambao nyaraka hazikuwataja, hasa wanawake. Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili ni kukusanya msamiati huu pamoja na wenzao wa Kindamba, Kipogoro na Kimbunga, wakiuliza kila neno linatumika lini, na nani, na kwa kuku yupi. Kazi hiyo inaanzia uani, na wanaoweza kuifundisha wangali hai.